Maswali ya Wasomaji: Umeme na Usukani wa Jeti Kubwa ya Rimoti

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga, na moja Bagamoyo. Zote zinahusu jeti za kuongozwa kwa rimoti zinazoundwa kuanzia mbao na faiba tupu, kubwa kiasi cha kubebwa na watu wawili. Umbo na mabawa wengi wenu mmeshayamaliza. Kinachowakwamisha ni umeme: ule unaolisha risiva (kipokezi cha ishara za rimoti) na sevo (mota ndogo zinazopindisha vibao vya usukani). Pale jambo lilipo zito tumejibu kwa kirefu. Pale kitabu cha kifaa kinapojitosheleza, hatukutaka kuwapotezea muda.

Assalaam aleikum wahariri. Tuko mafundi watatu hapa Chumbageni, twaunda jeti ya urefu wa mita 2.6, mabawa mita 2.2, na uzito twatarajia kilo 20 ikiwa na mafuta. Tabaini, yaani injini ya jeti, ni ya msukumo wa nyutoni 180. Sevo zitakuwa 9. Mmoja katwambia betri moja kubwa yatosha, mwingine kasema mbili, wa tatu kasema tununue kwanza boksi la kugawa umeme. Tuanzie wapi?

Waaleikum salaam, mafundi. Msianzie kwenye betri wala kwenye boksi. Anzieni kwenye kibao kinachosukumwa na upepo, halafu mrudi nyuma hatua kwa hatua: kibao, sevo, waya, plagi, ndipo betri. Anayeanza na betri huishia kubahatisha kila kinachofuata.

Chukueni eileroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa, cha kuiviringisha ndege) ya urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 8. Eneo lake ni mita za mraba 0.04. Ndege ikienda mita 70 kwa sekunde, yaani kilomita 252 kwa saa, katika hewa ya joto la pwani yenye uzito wa kilo 1.16 kwa mita ya ujazo, shinikizo la mwendo ni nusu ya 1.16 mara 70 mara 70, kama paskali 2,840. Zidisheni shinikizo hilo kwa eneo, kisha kwa upana wa kibao, kisha kwa 0.2, kizidishi cha makadirio kwa kibao kilichopinda nyuzi 20. Mtapata nyutoni-mita 1.8. Kwa lugha ya wauza sevo hizo ni kilo 18.5, maana sevo ya "kilo 30" ni ile inayoweza kuinua kilo 30 zikining'inia sentimita 1 kutoka kwenye ekseli yake.

Sasa tazameni mikono. Mkono wa sevo ukiwa milimita 15 na pembe (kipande kilichochomoza kwenye kibao) milimita 25, sevo inabeba kilo 11 tu, ila italazimika kuzunguka nyuzi 35 ili kibao kipinde 20. Mkigeuza, mkono 25 na pembe 15, sevo hiyohiyo inabebeshwa kilo 31. Sevo nyingi zinazolaumiwa kuwa feki zimeuawa na mkono mrefu. Tumieni karibu mzunguko wote wa sevo na mkono mfupi. Msiweke mkono mrefu halafu mkapunguza asilimia kwenye rimoti.

Kwa eileroni na eleveta (vibao vya mkiani vya kuinua na kushusha pua) za ndege yenu, sevo za kilo 25 hadi 30 zinafaa. Zipimeni kwa volti ndogo kabisa mnayotarajia zifikiwe, si kwa volti 8.4 iliyoandikwa kwenye kasha. Kumbukeni pia kuwa mzigo unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka mita 70 hadi 90 kwa sekunde, kilo 18.5 zinakuwa karibu 31. Ndege inayopiga mbizi inafika huko bila kumwuliza mtu.

Sevo ya aina hiyo ikizuiwa isisogee inakula ampea 4 hadi 5. Saba za vibao vikuu zikizuiwa pamoja ni zaidi ya ampea 30, jambo ambalo halitokei angani. Kinachotokea ni wastani wa ampea 3 hadi 5, na miruko mifupi ya ampea 15 hadi 20 pale rubani anapozungusha na kuvuta kwa pamoja. Miruko hiyo ndiyo inayozima risiva, kwa hiyo pangeni umeme wenu kwa ajili ya miruko. Wastani ni wa kuhesabu muda wa betri tu.

Betri ziwe mbili, kila moja iweze peke yake kubeba miruko yote na kuimaliza safari. Lipo (betri za lithiamu-polima) za seli 2 za mAh (miliampea-saa) 4,000 zinafaa. Wastani wa ampea 4 kwa dakika 8 unakula mAh 530 au zaidi kidogo, hivyo hata betri moja ikifa ghafla, iliyobaki ina akiba kubwa. Ukubwa huo haukuwekwa kwa ajili ya muda: betri kubwa haishuki volti inapovutwa ghafla.

Hapa tunawaonya hasa mnaokusanya seli za mviringo za 18650 kutoka betri za kompyuta mpakato zilizokufa. Seli ya namna hiyo iliyochoka inaweza kuwa na ukinzani wa ndani wa omu 0.1. Mbili mfululizo ni 0.2. Vuta ampea 15 na volti 3 zimeyeyukia ndani ya betri yenyewe: kutoka 7.4 mmebaki na 4.4, kabla ya kuhesabu waya. Taa inawaka vizuri, simu inachajiwa vizuri, ndege inaanguka. Mkitaka seli za mviringo, nunueni mpya zilizotengenezwa kwa mashine za kuchimbia na kukatia, zenye ampea 20 au zaidi kwa kila seli.

Betri mbili zisiunganishwe moja kwa moja. Seli moja ikipata shoti, betri yenye seli hiyo itainywa jirani yake. Kila moja ipite kwenye dayodi yake, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Maboksi ya dukani yanafanya kazi hiyo kwa transista zinazopoteza volti kidogo sana. Mkijitengenezea, fungueni pawasapulai mbovu za kompyuta ya mezani na mtafute dayodi za Schottky za ampea 30 volti 45, zile pana zenye miguu mitatu zilizofungwa kwenye kipande cha alumini. Kipande kimoja kina dayodi mbili ndani, nanyi mtashawishika kukitumia kwa betri zote mbili. Msifanye hivyo; tumieni vipande viwili, kila betri na chake, kisha viwekeni kwenye alumini ya kupooza. Bati la mgongoni limeungana na mguu wa kutolea umeme, basi wekeni karatasi ya maika ya kuzuia umeme katikati. Kwa ampea 10 mtapoteza karibu volti 0.45 na kupata wati 4.5 za joto.

Na swichi? Tunaletewa michoro yenye betri mbili, dayodi mbili na swichi moja ya shilingi elfu moja inayozikata zote. Hiyo ni betri moja yenye uzito wa mbili. Kila betri iwe na swichi yake, na iliyo bora ni ya kielektroniki ambayo ikivunjika au waya wake ukikatika inabaki imewasha. Kama hamna, achaneni na swichi kabisa: chomekeni plagi za XT60 kwa mkono kupitia dirisha dogo kwenye bodi.

Shikamoo mhariri. Mimi ni fundi redio, Ngamiani. Nimefunga sevo mbili za eleveta mkiani, waya mita 2 kutoka kwenye risiva, waya wa kawaida wa sevo. Volti kwenye risiva ni 7.9 na haishuki, lakini sevo za mkiani zanguruma na ni nzito kuliko zilipokuwa mezani. Nimezibadili mara mbili. Nini?

Marahaba. Umepima mahali pasipo na ugonjwa. Peleka mita mkiani, ichomeke kwenye plagi ya sevo yenyewe, kisha mwenzako akikamate kibao kwa mkono huku ukisukuma kijiti. Itumie mita kwenye hali ya kukamata namba ya chini kabisa, maana mshuko ni wa sehemu ndogo ya sekunde na macho hayauoni.

Hesabu yake hii hapa. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0175 kwa mita moja ya waya wa milimita ya mraba 1. Waya wako wa sevo kwa kawaida ni 0.33. Umeme unakwenda mita 2 na kurudi mita 2, jumla 4. Ukinzani ni 0.0175 mara 4 gawanya kwa 0.33, yaani omu 0.21. Sevo moja ikivuta ampea 4 unapoteza volti 0.85. Kama umezipa sevo mbili waya mmoja, ni volti 1.7, na hapo hatujahesabu plagi.

Dawa ni kupitisha umeme kwenye waya nene na ishara kwenye waya nyembamba. Kutoka kwenye boksi la umeme hadi mkiani pitisha jozi moja ya milimita 1.5 kwa sevo zote mbili: kwa ampea 8 utapoteza kama volti 0.37. Mkiani weka kibao kidogo cha kugawia, na kila sevo iwe na kipande chake kifupi. Ishara ipite kwenye waya mwembamba uliosokotwa pamoja na negativu yake. Usiiache ishara bila negativu ya kusokotana nayo kwa kudhani ile nene inatosha. Mkondo wa sevo ukiisukuma volti ya negativu nene juu, sevo inaisoma ishara kimakosa na kutetemeka. Mngurumo unaousikia kwa sehemu ni huo.

Kabla hujanunua, kwangua waya kwa wembe. Waya nyingi za bei nafuu madukani ni alumini iliyopakwa shaba: ndani ni nyeupe. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, na hukatika kwa mtetemo. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu nao haufai, hata ukiwa shaba safi. Tafuta wenye nyuzi nyingi nyembamba na ngozi ya silikoni.

Plagi ndogo ya sevo ni ya ampea 2 au 3 za mfululizo, basi. Pale bawa linapoungana na bodi tumia plagi za kijani za pini 6 za Multiplex: pini mbili za chanya, mbili za hasi, mbili za ishara za eileroni na flapu (vibao vya bawa vya kusaidia kutua). Ukilehemu, usiache lehemu ipande ndani ya waya mbali na pini. Sehemu iliyonyonya lehemu inakuwa ngumu kama msumari, na waya hukatikia hapohapo mwisho wa ugumu, ndani ya ngozi, pasipoonekana kwa macho. Funika kwa mpira wa joto, kisha ukifunge kifungo kwenye mbao sentimita 3 kutoka kwenye plagi ili mtetemo usifike kwenye lehemu.

Tanga ina jambo jingine: chumvi. Pini za rangi ya fedha zikikaa miezi michache Raskazone au Chumbageni huota ukungu wa kijani. Nunua zenye dhahabu, zipake grisi ya silikoni kidogo, na uzichomoe na kuzichomeka mara chache kabla ya kila siku ya kurusha ili zijisugue. Plagi iliyolegea usiibane kwa koleo. Ibadilishe.

Wahariri, sevo zangu 6 ni za volti 8.4 lakini 2 za gurudumu la mbele na breki ni za zamani, mwisho volti 6. Niwape zote volti 6 nipate usalama? Msomaji, Mabawa.

Hapana. Ukishusha zote umezinyang'anya nguvu zile 6 na kuongeza kifaa kinachoweza kufa kati ya betri na kila kitu. Zenye volti 8.4 zipe betri moja kwa moja kupitia dayodi. Zile mbili za zamani ziwekee kidhibiti volti kidogo cha kwao peke yao. Kikifa, umepoteza breki, si ndege.

Kidhibiti cha kawaida kinachopoteza ziada kwa joto kinafaa kwa mzigo mdogo tu: 8.4 toa 6, mara ampea 1, ni wati 2.4. Kwa ampea 5 zingekuwa wati 12 ndani ya bodi iliyofungwa, imeanikwa juani Januari. Kile cha kukatakata umeme hakichemki sana, ila kinapiga kelele ya redio. Kiweke sentimita 20 kutoka kwenye antena.

Assalaam aleikum. Niko Pongwe. Tabaini yangu ina kompyuta yake ndogo na pampu. Kwa nini isitumie betri za risiva, maana ni kubwa na zipo tayari? Na mafuta nichanganye vipi?

Waaleikum salaam. Kompyuta ya tabaini ina mota ya kuwashia, kiwashio cha moto na pampu, na wakati wa kuwasha vinaweza kuvuta zaidi ya ampea 10 kwa mkupuo. Mkupuo huo usiupeleke mahali risiva inapokunywa. Kuna sababu nzito zaidi: tabaini ikigoma na kuendelea kujaribu, itaila betri. Betri ya tabaini ikiisha, injini inazima na unatua bila injini. Betri ya risiva ikiisha, hutui.

Kwa hiyo betri ya tatu, ya volti na aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha tabaini yenyewe. Mara nyingi ni seli 3. Iweke karibu na pampu na kompyuta, waya fupi na nene. Ufupi huo una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Negativu ya tabaini na negativu ya risiva zinakutana kwenye waya mwembamba wa ishara ya mafuta. Plagi ya betri ya tabaini ikilegea upande wa negativu, mkondo wa pampu utatafuta njia nyingine, na njia iliyopo ni ule uzi mwembamba hadi kwenye risiva. Dalili zake: vibao vinaruka kidogo kila pampu inapoanza. Ukiiona dalili hiyo usirushe. Kaza negativu kwanza, au weka kitenganishi cha mwanga (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga badala ya umeme) kwenye waya wa ishara.

Mafuta: mafuta ya taa safi au Jet A-1, lita 20 kwa lita 1 ya oili ya tabaini, isipokuwa kitabu kikisema vingine. Chuja mara mbili, unapojaza dumu na unapojaza ndege. Tabaini ya nyutoni 180 inakunywa karibu lita 0.6 kwa dakika ikiwa imefunguliwa yote. Kwa safari ya dakika 8 ya kupanda na kushuka, tangi la lita 4 linakubakizia akiba ya kurudia kutua. Kati ya tangi na pampu weka tangi dogo la kunasa mapovu, likae katikati ya uzito wa ndege. Povu moja refu kwenye bomba latosha kuzima moto wa tabaini. Kagua bomba la upande wa kunyonya kuliko la upande wa kusukuma: tundu la upande wa kusukuma linavuja na utaliona, la upande wa kunyonya linavuta hewa kimyakimya.

Mtungi wa kuzimia moto uwe wa gesi ya kaboni dayoksaidi, na mtu wa kuushika asiwe na kazi nyingine. Ule wa unga utauzima moto na kuiua tabaini.

Kaka zangu wa gazeti, redio yangu ni ya 2.4 GHz. Bodi nimeifunika nyuzi za kaboni kuanzia pua hadi katikati. Risiva moja itatosha? Msomaji wa kike, Raskazone.

Dada, kaboni inapitisha umeme, na kwa redio bodi yako ni sufuria lenye kifuniko. Usiweke antena ndani ya sehemu hiyo kwa matumaini. Ziweke risiva mbili nyuma kwenye faiba, au utoe ncha za antena nje kupitia mirija ya plastiki.

Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa milimita 125, na sehemu ya antena inayofanya kazi ni robo yake, ule uzi mtupu wa milimita 31 mwishoni. Sehemu iliyofunikwa ni waya wa kupitishia tu, unaweza kuikunja kwa upole. Uzi mtupu unyooke, ukae sentimita 5 au zaidi kutoka kwenye kaboni, tangi, betri na waya nene. Antena mbili ziwe na pembe ya nyuzi 90 kati yao, moja kwa mfano kando ya bodi na nyingine ikisimama. Antena haisikii vizuri upande unaotazamana na ncha yake, na ndege inayozunguka itakuonyesha kila upande.

Risiva moja haitoshi kwa ndege ya ukubwa huo. Ukiwa na boksi linalopokea risiva mbili na kuchagua ishara nzima, vizuri. Usipokuwa nalo, kuna mpango wa bei nafuu ambao sisi tunaupenda kuliko baadhi ya maboksi: igawe ndege nusu kwa nusu. Risiva A na betri A zinabeba eileroni ya kushoto, eleveta ya kushoto na usukani wa wima. Risiva B na betri B zinabeba eileroni ya kulia, eleveta ya kulia na tabaini. Hakuna dayodi, hakuna kifaa cha pamoja kinachoweza kufa. Upande mmoja ukifa unabaki na nusu ya nguvu ya usukani, nzito lakini inatua. Sharti ni mbili: kila nusu ya eleveta iweze kuinua pua peke yake kwenye mwendo wa kutua, jambo unalolipanga tangu mchoro, na rimoti yako iwe inaruhusu risiva mbili kuunganishwa nayo kwa pamoja.

Kisha mpango wa dharura pale ishara inapopotea. Kazi ya kwanza ni tabaini kuzimwa. Kilo 20 zenye mafuta na moto zisizo na mwongozaji hazitakiwi kuendelea kwenda popote. Flapu zibaki zilipo, vibao vingine virudi katikati. Baada ya kuupanga, uhakikishe: ndege imefungwa chini, tabaini ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa, zima rimoti na utazame injini ikizimika. Wapo wanaoamini menyu ya rimoti bila kujaribu, na baadhi ya risiva zinasahau mpango huo zikifungwa upya na rimoti.

Kipimo cha umbali kifanye kwa nguvu ndogo kama kitabu cha redio kinavyoelekeza, kwanza injini imezimwa, kisha inawaka. Mwenzako aizungushe ndege taratibu duara zima. Ukipata upande mmoja dhaifu, sogeza antena, usiseme "nitakuwa karibu".

Mimi ni mwanafunzi, Bagamoyo. Bei ya tabaini siiwezi. Nataka feni mbili za umeme za milimita 120 kwenye jeti ya kilo 15. Betri nichaji kwa betri ya gari uwanjani. Inawezekana?

Feni, ndiyo. Kuchaji, hapana.

Feni ya milimita 120 kwa lipo ya seli 12 inatoa msukumo wa karibu kilo 8 ikivuta ampea 130 hivi. Mbili zinakupa kilo 16 kwa ndege ya kilo 15, na kwenye njia fupi ya kurukia hilo ni jambo zuri. Muda ndio mdogo. Betri ya seli 12 ya mAh 5,000 ina uzito wa karibu kilo 1.5, tumia asilimia 80, kwa wastani wa ampea 65, ni dakika 3 na nusu au kidogo zaidi. Weka saa ya rimoti ilie dakika ya 3.

Kinachoua vidhibiti vya mota kwenye jeti kubwa ni waya ndefu kati ya betri na kidhibiti. Betri iko puani kwa ajili ya mizani, feni iko nyuma, fundi anarefusha waya kwa sentimita 60. Kila kidhibiti kinapokata mkondo, waya ndefu inarudisha mruko wa volti, na mruko huo unatoboa transista baada ya safari chache. Refusha waya tatu za kwenda kwenye mota badala yake, na kidhibiti kiwe karibu na betri kwenye njia ya hewa. Ikibidi kurefusha upande wa betri, ongeza kapasita zenye ukinzani mdogo za volti 63, mikrofaradi 220 kwa kila sentimita 10 zilizozidi, karibu kabisa na kidhibiti.

Seli 12 zilizojaa ni volti 50.4. Plagi za kawaida zitapiga cheche na kuunguza pini kila unapochomeka. Tumia XT90 yenye kinzani ndani. Na risiva isile kwenye betri za feni, hata kama kidhibiti kina tundu lake.

Sasa kuchaji. Betri zako mbili zina wati-saa 444 zikijaa. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 ina 600, na ukiitoa zaidi ya nusu unaiharibu. Kwa hiyo haimalizi hata kuzijaza zote mara moja. Tumia jenereta ya kilowati 1.5 au uchaji nyumbani na ubebe seti mbili. Umeme ukikatika katikati ya kuchaji, usiiache chaja iendelee yenyewe unaporudi. Nyingine zinaanza upya bila kukumbuka hesabu ya seli. Baada ya kurusha, zirudishe seli kwenye volti 3.8 kila moja kabla ya kuziweka kabatini.

Tunaweza kurushia wapi huku Tanga, na ruhusa tuombe kwa nani?

TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ndiyo yenye mamlaka ya vyombo vya angani visivyo na rubani ndani. Waandikieni kabla ya kuagiza vifaa, msisubiri ndege iishe, na mtaje uzito, mwendo na mahali. Uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu sana na mji, kwa hiyo mjini na kandokando yake pasahauni. Barabara pana za mashamba ya mkonge upande wa bara zinafaa, kwa ruhusa ya mwenye shamba, ilimradi hakuna wafanyakazi wanaokata siku hiyo. Kusi linapovuma, tafuteni njia inayoelekea kusini. Gurudumu la mbele la ndege nzito halipendi upepo wa ubavuni.

Magurudumu ya kukunja: ya hewa au ya umeme? Fundi, Muheza.

Ya umeme, kwa ndege ya kilo 20. Ya hewa ni mepesi na yana nguvu, lakini mpira mmoja uliopasuka kwa jua unayaacha nusu njia. Ya umeme yape betri yake ndogo ya seli 2, maana mguu uliokwama kwenye nyasi unavuta ampea mfululizo hadi kidhibiti chake kikate. Kabla ya kila safari ikunje miguu na kuikunjua mara tatu, ndege ikiwa juu ya stendi, na usikilize: mota ya mguu wenye mchanga inalia kwa sauti ya chini kuliko mwenzake. Ukisikia hivyo, fungua, safisha skrubu ndefu kwa brashi na mafuta ya taa, paka grisi kidogo, ndipo ujaribu tena.